Baba amegeuza kiti, sasa anatazama ukuta

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na muuguzi mstaafu

Mwezi huu nafasi yote nimeitoa kwa barua tatu. Zipo nyingine za presha na magoti, naomba wenyewe wanivumilie hadi toleo lijalo. Hizi tatu zimenikosesha usingizi, na walioziandika hawawezi kusubiri.

SWALI

Shikamoo Mama. Baba yetu ana miaka 74. Alikuwa fundi saa kwa zaidi ya miaka 40. Mama alifariki miezi 14 iliyopita. Mwanzoni baba alilia, akapokea wageni, tukaona anaendelea vizuri. Kisha miezi minne iliyopita akageuza kiti chake. Zamani kilitazama dirishani, awaone wapita njia. Sasa kinatazama ukuta. Redio hawashi. Chakula anabakiza nusu, suruali zinamdondoka. Huamka saa tisa usiku na halali tena. Leo atasema mgongo unauma, kesho tumbo. Kaka zangu wanasema huo ni uzee, tumwache apumzike. Tumemnunulia televisheni kubwa, haitazami. Ndugu wanakuja kumpa mawaidha, wakiondoka anazidi kuwa kimya. Wiki iliyopita aliniambia, "Mimi nimeshamaliza, mwanangu." Daktari wa magonjwa ya akili yuko mbali nasi na uwezo wetu ni mdogo. Sisi wenyewe, pamoja na majirani, tunaweza kumfanyia nini?
Binti wa pili

JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama pale kwenye kiti. Watu wengi wakimkuta mzee ameketi, wanaridhika kwamba ameketi. Wewe uliangalia ameelekea wapi.

Nianze na kaka zako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba asilimia 5.7 ya watu waliovuka miaka 60 wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Ukiwahesabu dunia nzima ni watu wengi mno. Lakini hesabu hiyohiyo isomeni kwa upande wa pili: katika kila wazee 100, zaidi ya 94 hawana. Kwa hiyo mzee anapozima redio, akapungua mwili, akakosa usingizi kwa miezi minne mfululizo, msiseme anapumzika. Anaumwa.

Tena anaumwa kwa namna ya wazee. Kijana mwenye sonona anaweza kukwambia ana huzuni. Mzee mara nyingi halitamki neno hilo kabisa. Atakutajia mgongo, tumbo, kifua, atasema mwili umechoka. Anakuwa mkali kwa jambo dogo. Anasahau, mpaka watu wanadhani akili inapotea, kumbe ipo ila imeelemewa. Mwaka 1982, wataalamu wa Marekani walipotunga maswali maalumu ya kupima sonona kwa wazee, waliyaacha makusudi maswali ya maumivu ya mwili na usingizi, kwa sababu mzee asiye na sonona naye mgongo humuuma. Wakauliza habari za moyoni tu, na jibu likawa ndiyo au hapana. Nawe unaweza kuanza na mawili: katika wiki hizi mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Umepoteza hamu ya vitu ulivyokuwa ukivipenda? Akijibu ndiyo hata kwa moja, mpeleke akapimwe.

Kituo cha afya cha kawaida kinatosha kwa kuanzia. Dawa zake zote zitie kwenye mfuko mmoja, hata zile za kununua dukani na za usingizi, uende nazo. Omba apimwe wingi wa damu, sukari, na tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikiwezekana, maana tezi hiyo ikifanya kazi pole pole humfanya mtu apoteze uchangamfu kama baba yako. Upungufu wa vitamini B12 nao hufanya hivyo. Halafu macho na masikio. Hapa nakusihi usipite haraka.

Nilipokuwa kazini niliwahi kutumwa nyumbani kwa mama mmoja mzee. Familia yake ilisema amejifungia, haongei, ukimsemesha anatazama pembeni. Nilikaa kuliani kwake, hakunijibu. Nikahamia kushoto kuweka begi langu, nikamuuliza lile lile, akanijibu vizuri kabisa. Sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta kavu, ngumu kama kokwa, na la kushoto lilikuwa njiani kufuata. Tuliweka matone kwa siku kadhaa, kisha tukalisafisha. Kengele ya baiskeli ikalia nje. Yule mama akageuza shingo, akaniuliza, "Ni nani huyo anapita?" Sonona yake haikuisha siku ile, ilichukua miezi. Lakini kabla ya hapo tulikuwa tunamtibu mtu ambaye maneno yetu hayamfikii.

Sasa lile neno la baba, "nimeshamaliza." Usiliache lipite. Keti naye mkiwa wawili tu, umuulize waziwazi: "Baba, unaposema umemaliza, una maana unatamani kufa? Umewahi kufikiria kujiua?" Najua ulimi utakuwa mzito. Mimi niliuliza swali hilo kwa miaka mingi na bado moyo ulikuwa ukinidunda. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humpa ruhusa ya kulitua kama analo. Akisema ndiyo, na hasa akiwa ameshafikiria namna, asiachwe peke yake. Toeni nyumbani sumu za wadudu na vidonge vilivyolimbikizwa, mkampeleke hospitali siku hiyohiyo. Mengine yote ninayoandika hapa chini yatasubiri.

Kama hakuna hatari hiyo, tuje kwenye swali lako lenyewe.

Mwaka 2006, jijini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda alikuwa na tatizo kama lako, ila lake lilikuwa la mji. Wagonjwa wengi, wataalamu wa kuhesabu kwa vidole, chumba hana. Alichokuwa nacho ni akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wahudumu wa afya wa kujitolea. Akawafundisha, na mabenchi ya mbao yakawekwa nje ya zahanati. Mwenye shida anakuja, bibi anakaa naye bega kwa bega. Kazi ile ikaitwa benchi la urafiki. Hawakumwambia mtu ana ugonjwa wa jina la kitaalamu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sisi tunaosema fulani "anawaza sana" tunalielewa bila mkalimani. Hatua zao nazo zina majina ya nyumbani: kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo; kusimudzira, yaani kuinua; na kusimbisa, yaani kuimarisha.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2016. Walishiriki watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi 6, kati ya waliokaa kwenye benchi, asilimia 13.7 ndio waliobaki na dalili za sonona. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 49.9. Wagonjwa wale walikuwa watu wazima wa rika mbalimbali, siyo wazee peke yao, lazima niliseme hilo. Lakini tazama upande wa pili wa benchi, nani alikuwa ameketi pale kuponya wenzake? Bibi. Mtu ambaye kwingine angeambiwa apumzike.

Na mbinu zao ni za kawaida, hata wewe unaziweza. Bibi anasikiliza hadi mtu amalize. Wanaorodhesha pamoja matatizo yake. Mwenye matatizo mwenyewe anachagua moja, wanatafuta hatua ndogo inayowezekana, anaondoka nayo, kisha anarudi kusema imekwendaje. Mawaidha hayana nafasi hapo. Ndugu zenu wanakuja na nia njema, ila mawaidha yanamwambia baba kwamba angetaka angekuwa mzima. Anayasikia hivyo, ndiyo maana wakiondoka anazidi kunyamaza. "Jikaze" nayo iondoke midomoni mwenu.

Jambo lingine ambalo wataalamu wamelifanyia kazi tangu miaka ya 1970: mwenye sonona husubiri apate hamu ndipo afanye kitu. Hamu haiji. Kwa kuwa hafanyi kitu, siku yake haina chochote cha kumwinua, na hamu inazidi kukimbia. Mzunguko huo unakatwa kwa kuanza na tendo, dogo sana, kwa saa iliyopangwa, hamu ije nyuma yake. Na katika matendo yote, kwa mzee nalitanguliza lile linalomfanya ahitajike kweli. Televisheni yenu haina kosa, ila haimhitaji baba. Usiku ikizimwa hakuna anayejua kama aliitazama au la.

Baba yako ni fundi saa. Basi tafuta saa iliyosimama.

Iwe imesimama kweli, msimtengenezee mchezo, atagundua kwa kuigusa tu. Jirani mwenye saa ya ukutani iliyokufa ailete mwenyewe, asiilete mtoto wa nyumbani. Aseme, "Mzee, saa yangu imesimama, naipitia Ijumaa." Huenda baba atakataa, atasema macho hayaoni, mikono inatetemeka. Jirani asibishane naye. Aiache juu ya meza ndogo, mahali mkono wa baba unafika bila kuinuka. Wewe tandika hapo kitambaa cheupe, skrubu isipotee, uweke bisibisi zake ndogo, kibano na ile lenzi ya jichoni. Kisha ondoka. Siku ya kwanza inawezekana asiiguse. Siku ya pili huenda akafungua kifuniko cha nyuma tu, akakirudisha. Hiyo ni tiba tayari, andika tarehe. Kama macho kweli yamepungua, mjukuu ashike tochi na awe macho yake: "Babu, gurudumu hili lina meno yaliyovunjika mawili." Akimaliza, asipigiwe makofi kama mtoto aliyejifunza kutembea. Alipwe kama fundi, na aulizwe saa ile ilikuwa na nini. Swali hilo la mwisho ni kubwa kuliko malipo. Likijibiwa kwa sentensi tatu, utakuwa umesikia sauti ya baba yako kwa muda mrefu kuliko miezi yote minne.

Na kiti msikigeuze. Leta kingine, kiweke kando ya chake, nacho kielekee ukutani. Kaa naye dakika 20 kila siku kwa saa ileile. Usimuulize kwa nini anatazama ukuta. Utazameni wote. Siku atakapokuwa tayari, mwombe mtoke nje asubuhi, mtembee hadi pale atakapoweza. Mwanga wa asubuhi na mwendo husaidia usingizi wa usiku, na usingizi wa mchana upunguzwe.

Mtazameni kwa wiki mbili au tatu. Akizidi kukonda au hali ikibaki vilevile, rudini kituoni mwombe dawa au rufaa. Kumtembelea na kumtibu hospitali havigombani, viende pamoja.

SWALI

Habari za kazi, Mama. Sisi ni majirani sita, vijana na watu wazima. Mtaani kwetu wapo wazee watano wanaoshinda peke yao. Tulipanga zamu za kuwatembelea, kila wiki mtu tofauti ili asichoke mmoja. Baada ya miezi miwili wazee wawili hawatufungulii tena mlango. Tumekosea wapi?
Katibu wa majirani

JIBU

Mmekosea mahali padogo, na panarekebishika. Zamu.

Jaribu kuvaa viatu vya mzee. Jumatatu hii anakuja kijana, anauliza umri wako, watoto wako wangapi, unaumwa nini. Jumatatu ijayo anakuja mwingine, anauliza yaleyale. Wiki ya sita umesimulia kifo cha mwenzio kwa watu sita, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza sehemu ya pili. Mimi nami nisingefungua.

Kila mzee apate mgeni wake mmoja, siku ileile, saa ileile. Mkihofia kuchoka, wawe wawili wanaofahamika, basi. Anapoondoka aseme anarudi lini, na arudi. Akishindwa, apeleke habari kabla. Mzee mwenye sonona hushika ahadi iliyovunjwa kama ushahidi kwamba hana thamani, hata kama kisa ni mvua. Saa moja kwa wiki yenye uhakika inamfaa kuliko ziara tano za kushtukiza.

Mkifika, msiwe watu wa "pole, pole" tu. Huko Goa, India, watu wa kawaida wasio wataalamu walifundishwa kuwasaidia wazee wa miaka 60 na kuendelea walioanza kuonyesha dalili, kabla sonona haijakomaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2019, wazee 181 walihusika. Katika mwaka mmoja, waliopata sonona kamili kwenye kundi lililosaidiwa walikuwa kama asilimia 4.4, na kwenye kundi jingine kama asilimia 14.4. Ninachokipenda ni orodha ya walichofanya: kutatua tatizo moja moja, kurekebisha usingizi, kumfundisha mzee kujitunza akiwa na maradhi kama kisukari, na kumfuatilia huduma anazostahili kupata. Kumbe kumsindikiza mzee kufuatilia fomu yake ya pensheni iliyokwama ni sehemu ya kuzuia sonona. Miaka yangu ya kazi iliniambia hivyo, nikafurahi kuliona limeandikwa.

Wanaume muwape kitu cha kushika. Australia, tangu miaka ya 1990, kuna vibanda vya ufundi ambako wanaume, wengi wao wastaafu, hukutana kurekebisha samani na vitu vilivyoharibika, na wenyewe wana msemo kwamba mwanamume hazungumzi uso kwa uso, huzungumza bega kwa bega. Nimeona ukweli wa jambo hilo katika mambo madogo. Mzee aliyenikatalia mahojiano ofisini kwangu alinieleza maisha yake yote nilipomshikia ngazi akipigilia msumari. Hata mwendo wa pamoja jioni unatosha, mnatembea mkitazama mbele, maneno yanatoka yenyewe.

Na muwaulize habari za zamani. Daktari Robert Butler wa Marekani aliandika mwaka 1963 kwamba mzee anaporudia maisha yake ya nyuma hapotezi muda. Anafanya kazi ya lazima, ya kuyakagua na kuyapatanisha. Kabla ya hapo wengi waliona ni dalili ya akili kuchakaa. Msiulize "zamani kulikuwaje," swali hilo ni pana mno. Ulizeni: kazi yako ya kwanza uliipataje? Nani alikufundisha? Ni kosa gani ulilolifanya ukiwa mwanafunzi wa kazi ile? Mmoja aandike kwenye daftari, na wiki ijayo aanze kwa kumsomea alichoandika. Mzee atakusahihisha. Mwache akusahihishe mara nyingi iwezekanavyo.

Mkiamua kukutana pamoja, kundi lisiitwe la wenye sonona, hakuna atakayekuja. Viti viwe na migongo na mahali pa kuegemeza mikono, choo kiwe karibu, kelele ziwe chache kwa ajili ya wenye masikio mazito. Kukosekana kwa hayo matatu kumewarudisha nyumbani wazee wengi kuliko uvivu wowote.

Mipaka yenu: siri ya mzee ibaki siri, isipokuwa anapotaja kujidhuru au anapoonewa na mtu. Msishike fedha zake. Msimbadilishie dawa hata kidonge kimoja. Mkiona ameacha kula au amechanganyikiwa ghafla, siyo kazi yenu tena, ni ya hospitali, na siku hiyohiyo.

Wale wawili waliofunga milango, aende mmoja. Asimame nje aseme, "Mzee, tulikuchosha kwa kubadilishana. Kuanzia sasa nitakuja mimi, kila Alhamisi saa kumi. Leo siingii." Alhamisi aende, hata mlango ukibaki umefungwa. Agonge, aseme jina lake, aage. Mara nyingi sana, wiki ya tatu au ya nne, kitasa huzunguka.

SWALI

Mimi nina miaka 69, naishi peke yangu. Nilikuwa fundi wa kushona nguo za kike, cherehani ninayo bado, imefunikwa shuka mwaka wa pili sasa. Watoto hunipigia Jumapili, nami huwaambia sijambo, sitaki kuwa mzigo. Ukweli ni kwamba asubuhi sioni sababu ya kuinuka. Daktari amenipa vidonge vya sonona, leo siku ya tisa, sioni mabadiliko, kinywa kinakauka tu. Nimeamua kuviacha. Jirani yangu ana binti aliyemaliza shule, alikuja kuniomba nimfundishe kushona, nikamwambia sina nguvu. Nimekosa?
Mwenye cherehani

JIBU

Shikamoo, dada yangu. Hujakosa. Ulisema ulichokuwa nacho siku ile.

Vidonge usiviache. Siku tisa ni mapema mno. Dawa hizi huanza kufanya kazi baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa umri wetu zinaweza kuchukua wiki sita, hata nane. Maudhi ya dawa hutangulia nafuu, ndiyo sababu watu wengi huacha katika wiki hizihizi ulizo nazo. Kinywa kukauka, kunywa maji kidogo kidogo na umwambie daktari wako, anaweza kubadilisha aina au kiasi. Ukiinuka kitandani, kaa kwanza ukingoni, hesabu hadi 30, ndipo usimame, kwa maana baadhi ya dawa hizi huleta kizunguzungu na sisi hatupaswi kuanguka. Ukiona kichwa kinauma sana, unayumba au unachanganyikiwa, usingoje miadi, nenda, kwa kuwa kwa wazee baadhi ya dawa hizi hushusha chumvi ya damu katika wiki za mwanzo. Na utakapopata nafuu usiache siku hiyo. Huendelea kwa miezi 6 au zaidi, kisha daktari anakupunguzia taratibu.

Jumapili watoto wakipiga, usiwaambie sijambo. Nakuomba hili kama mdogo wako. Mimi ni mama, nina watoto walio mbali, na mmoja wao alinificha jambo kama hili mwaka mzima asinisumbue. Nilipojua, kilichoniuma zaidi ni ule mwaka. Waambie sentensi moja tu: "Sijisikii vizuri moyoni, naanza dawa." Wakikuuliza wafanye nini, waambie wapige na Jumatano.

Halafu kuna yule binti. Umeandika kwamba huoni sababu ya kuinuka asubuhi, na mistari michache baadaye umeandika kwamba kuna mtu alibisha hodi akitaka kitu ulicho nacho wewe. Sikwambii umfundishe. Najua mikono ilivyo mizito. Nakuomba jambo dogo kuliko hilo: mwite aje Jumanne saa nne asubuhi, mkifunue kile cherehani, akifute vumbi yeye, wewe ukiwa umekaa. Mwonyeshe mahali pa kutia mafuta, tone moja kila tundu, na mzungushe gurudumu kwa mkono bila uzi. Dakika 15 zinatosha. Kabla hajaondoka mwambie arudi Jumanne nyingine na kipande cha kitambaa kisicho na kazi, akijaribie mshono ulionyooka.

Ukiamka Jumanne ukiwa huna hamu, aje hivyohivyo. Mwachie mlango wazi.